Mazoezi ya mabega kwa vyuma

Mazoezi ya mabega kwa vyuma ni mazoezi ya mwili yanayotumia uzani ili kuimarisha misuli inayozunguka bega. Hufanywa na wanamichezo na pia watu wa kawaida wanaotaka kuwa na nguvu za kubeba na kunyanyua vitu. Vifaa vikuu ni chuma kirefu cha kushikwa kwa mikono miwili na vyuma vifupi vya mkono mmoja. Katika Afrika Mashariki vijana wengi hujitengenezea vyuma kwa kumimina zege ndani ya makopo mawili yaliyounganishwa kwa bomba.

Muundo wa bega

Katika bega, kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono wa juu hukaa kwenye kishimo cha kombe la bega. Kwa kuwa kishimo hicho ni kifupi, mkono huweza kwenda pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote. Kwa sababu hiyohiyo bega huteguka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa, na uthabiti wake hutegemea sana misuli.

Msuli mkubwa wa nje huitwa deltoidi. Una sehemu tatu: ya mbele, inayoanzia kwenye mtulinga, ya kati, inayoanzia kwenye ncha ya bega, na ya nyuma, inayoanzia kwenye kombe la bega. Chini yake kuna misuli minne midogo inayokibana kichwa cha mfupa kisitoke mahali pake.

Mazoezi makuu

* Kusukuma juu: chuma husukumwa kutoka usawa wa mabega hadi juu ya kichwa. Hutumikisha zaidi sehemu ya mbele na ya kati.
* Kuinua pembeni: mikono huinuliwa pande mbili hadi usawa wa mabega. Hutumikisha sehemu ya kati.
* Kuinua nyuma: mtu huinama mgongo ukiwa umenyooka, kisha huinua mikono pembeni. Hutumikisha sehemu ya nyuma.
* Kuzungusha nje: mtu hulala ubavu, kiwiko cha mkono wa juu kikiwa kimekunjwa na kugusa mbavu, akainua chuma chepesi. Hutumikisha misuli midogo.

Mpango wa juma

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa juma. Anayeanza anaweza kuchagua Jumatatu na Alhamisi, ili misuli ipate kupumzika. Baada ya kupasha mwili joto kwa dakika 5 hadi 10, hufanya kila zoezi kwa mizunguko 3 ya marudio 8 hadi 12.

Uzani huongezwa kidogo kidogo. Kwa mfano, anayesukuma kilo 20 mara 8 hubaki na uzani huo mpaka afikishe mara 12 katika mizunguko yote bila kupinda mgongo. Ndipo hupanda hadi kilo 22 na kuanza tena na marudio 8.

Kosa la kawaida ni kuimarisha kifua na sehemu ya mbele ya bega, zinazoonekana kwenye kioo, na kusahau nyuma. Misuli ikikosa uwiano, mabega huweza kuvutwa mbele.

Historia

Kusukuma juu kulikuwa sehemu ya mashindano ya Olimpiki ya kunyanyua uzani, pamoja na mitindo mingine miwili, kuanzia mwaka 1928 hadi 1972. Bingwa wake mashuhuri alikuwa Vasily Alekseyev wa Umoja wa Kisovyeti. Washindani walizidi kujipinda nyuma ili kifua kisaidie mabega, na waamuzi wakashindwa kukubaliana ni kiasi gani cha kujipinda kilichoruhusiwa. Mtindo huo ulihofiwa pia kuumiza mgongo. Baada ya michezo ya München ya 1972 uliondolewa, na tangu Montreal 1976 imebaki mitindo miwili.

Tahadhari

Uchovu wa misuli kwa siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, ganzi mkononi au kushindwa kuinua mkono si dalili za mazoezi mazuri. Anayeyapata anapaswa kuacha na kumwona daktari. Bega lililowahi kuteguka huweza kuteguka tena, hasa kwa vijana, hivyo mwenye historia hiyo apate ushauri wa daktari kabla ya kushika vyuma.