Lundo tulilolitoa kwenye mtaro



Habari za kartie juma hili ni tatu. Mtaro wa barabara ya shule umezibuliwa. Madereva wa taksi-bisi wamekubali kushusha abiria mbali kidogo na mlango wa shule. Na mtoto wetu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa msingi, amevunjika mguu. Kwa desturi tungeziandika mbalimbali: usafi mahali pake, usafiri mahali pake, ajali mahali pake. Lakini tulipokutana Alhamisi kutayarisha gazeti hili, tuliona kwamba ni habari moja, na kwamba sisi wenyewe tumo ndani yake.

Salongo ya Jumamosi

Wazee wetu waliijua salongo tangu miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, ilipokuwa amri ya serikali. Sisi Jumamosi ile hatukuamriwa na mtu. Mvua za usiku zilikuwa zimejaza mtaro, maji yakapanda barabarani na kuingia katika parseli za upande wa chini. Tulitoka saa moja asubuhi na majembe, beleshi na ndoo. Wababa walikuja, vijana walikuja, na hata wale tunaowalaumu kila juma kwamba hawaji, walikuja.

Mtaro ulitoa yote tuliyoutupia. Matope, chupa za plastiki, maganda ya ndizi, kiatu kimoja kimoja, pampers za watoto, na sashe zisizohesabika. Kufikia saa nne maji yalikuwa yanapita. Tulifurahi. Tulipiga picha, tukaimba, tukanawa mikono, kila mtu akarudi kwake kupika.

Na lundo? Lundo tulilipanga vizuri kando ya mtaro, pale pale watu wanapopita kwa miguu, kati ya mtaro na lami. Urefu wake ulikuwa hatua ishirini na zaidi. Kila mmoja wetu alidhani kuna mtu mwingine atakayeliondoa.

Jumatatu, saa sita ya mchana

Wazazi wenye watoto katika shule za zamu mbili mnaijua saa hiyo. Wale wa asubuhi wanatoka, wale wa mchana wanaingia, na wote wanakutana barabarani kwa wakati mmoja. Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipokuwa bila malipo, madarasa yetu yamejaa. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini watoto waliongezeka, na barabara ilibaki ile ile.

Mtoto wetu alikuwa anarudi nyumbani. Alipofika kwenye lundo hakuweza kulipanda, kwa maana matope yalikuwa bado mabichi. Upande mmoja kulikuwa na mtaro, upande mwingine lami. Akashuka kwenye lami. Pikipiki ilikuwa inateremka, imebeba wateja wawili. Usukani wake ulimgonga begani, akaanguka, mguu ukavunjika chini ya goti.

Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda hapa kwetu Bukavu ajali ikitokea. Kabla mtu hajamwinua mtoto, vijana walikuwa wamekwisha kumzunguka motari, wengine wakitafuta kiberiti cha kuchoma pikipiki. Mama mmoja anayeuza makala pale kando alisimama katikati yao akasema: “Ile lundo, si ni siye tuliitosha? Muache kwanza mutoto apelekwe.” Wakanyamaza. Motari mwenyewe ndiye aliyetafuta gari, akampeleka mtoto hospitalini pamoja na mama yake.

Hatusemi kwamba motari hana kosa. Kuteremka mbele ya shule saa ya watoto, na wateja wawili nyuma wasio na kofia, ni kosa, naye amelikubali mbele ya shefu wa avenyu. Tunasema tu kwamba kosa lake lilikuta kosa letu limekwisha kutangulia.

Jumanne tulikwenda kumwona mtoto. Anaendelea vizuri, analalamika tu kwamba plasta inamwasha. Tulimwuliza, kama wakubwa wanavyouliza, kwa nini aliacha kando akaingia katika njia ya magari. Alitutazama kama watu wasioelewa. “Njia iliishia pale,” alisema.

Tulitembea njia ya watoto

Neno hilo lilitukaa moyoni. Jumatano saa sita, sita kati yetu tulitembea kutoka mlango wa shule mpaka njia panda, tukihesabu mahali ambapo njia ya mtoto inaishia na inabidi akanyage lami. Tulihesabu mahali tisa.

Lundo letu lilikuwa moja. Pengine palikuwa na mchanga na mawe ya mtu anayejenga, ambayo wenyeji wanasema yako pale tangu kiangazi. Palikuwa na bamba la mtaro lililovunjika na kuacha shimo. Palikuwa na gari lililosimamishwa juu ya njia ya miguu. Na mahali panne palikuwa na biashara: magunia ya makala, meza za nyanya, mitumba iliyotandazwa chini. Hapo tulitazamana, kwa sababu meza mbili kati ya hizo ni za wanachama wetu. Hatukuja kumfukuza mama anayelisha watoto wake kwa nyanya. Lakini meza ikirudishwa nyuma hatua moja tu, mtoto anapita.

Mahali pa tisa ni pale taksi-bisi zinaposimama mbele ya shule. Hapa kuna jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni tena. Katika inchi yetu magari yanapita mkono wa kuume. Lakini bisi nyingi tunazopanda zilitengenezwa kwa inchi ambazo magari yake yanapita mkono wa kushoto, kama Japani. Usukani wake uko kuume, na mlango wa abiria uko kushoto. Kwa hiyo bisi ikisimama kando ya barabara yetu, mlango unafunguka kuelekea katikati. Mtoto anayeshuka anashukia mahali ambapo pikipiki zinapita, naye hazioni. Mzazi anayempeleka mtoto kwa bisi ya namna hii ashuke yeye kwanza, atazame nyuma, ndipo amshike mtoto mkono.

Tumeongea na madereva wa mstari wetu pamoja na kiongozi wao. Wamekubali kwamba saa ya kuingia na ya kutoka shuleni watashusha abiria mbele ya uwanja wa kanisa, ambapo bisi inaweza kutoka kabisa barabarani. Tunawashukuru. Na sisi abiria tusiwashurutishe kusimama mlangoni pa shule kwa uvivu wa hatua chache.

Sashe inarudi nyumbani

Wengine watauliza: basi tusizibue mtaro? Tuuzibue, tena mara nyingi zaidi. Mtaro uliojaa unapeleka maji juu ya lami, na mtoto anayekwepa maji anaingia njiani mwa gari sawa na yule anayekwepa lundo. Katika mji wa vilima kama wetu, maji yaliyokosa mtaro yanachimba udongo, na tunajua yanavyofanya nyumba zilizo kwenye miteremko.

Tena sashe haibaki mtaroni. Maji yanaishusha katika mito midogo kama Kawa, kisha katika ziwa Kivu, na kutoka ziwani inaingia mto Ruzizi. Pale ndipo lipo bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililoanza kutoa umeme mwaka 1958. Takataka zinakusanyika mbele ya bwawa na kuzuia mitambo, na wafanyakazi wanashinda wakizitoa. Kwa hiyo sashe tuliyotupa asubuhi inaweza kuturudia jioni tukiwa tumekaa gizani. Mama wanaovuka kwenda Rwanda kwa biashara wanajua kwamba ng'ambo ya daraja sashe zilikatazwa tangu 2008. Kwetu pia iko amri ya serikali ya Desemba 2017 inayokataza mifuko hiyo. Amri tunayo, kinachokosekana ni kikapu mkononi tunapokwenda soko.

Tuliyokubaliana

Mkutano wa Alhamisi ulikuwa mrefu. Wengine walisema tumwachie shefu wa kartie. Wengine walisema salongo ya wanawake isimame mpaka tupewe gari la kubeba takataka. Mwishowe tulikubaliana hivi:

Kwanza, salongo haijaisha mpaka lundo limeondoka. Hatutachimba mita ambazo hatuwezi kubeba siku ile ile. Afadhali mita kumi zilizo safi kabisa kuliko mita mia moja zenye lundo kando.

Pili, kila nyumba ya avenyu itatoa franga 500 kwa mwezi kwa ajili ya vijana wenye burweti. Asiye na franga atatoa mikono. Mweka hazina atasoma hesabu mbele ya wote, kama tunavyofanya katika likelemba.

Tatu, tutatenganisha pale pale mtaroni. Matope na mchanga vitajaza mashimo katika vijia vyetu vya ndani. Maganda na majani yatakwenda kwa wenye bustani. Sashe, chupa na pampers zitaingia katika magunia, na magunia yatakaa ndani ya parseli, si barabarani, mpaka wakusanyaji wa takataka wapite.

Nne, mama wawili na baba mmoja watasimama kwenye kivuko cha shule kila siku, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Watavaa fulana za rangi kali na kuwavusha watoto kwa makundi. Orodha ya zamu iko kwa katibu. Kwa upande wa wababa bado ina nafasi nyingi, na tunawaandikia waziwazi ili wasiseme hawakuambiwa.

Tano, tumepeleka barua komini, na nakala kwa polisi wa rulaji, kuomba dodane mbili, moja kila upande wa shule, na kivuko kilichochorwa. Jibu likifika mtalisoma hapa.

La kufundisha nyumbani

Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya sala na usingizi, tuongee nao kidogo. Mahali pasipo na njia ya miguu, mtoto atembee mkono wa kushoto, ili aone uso wa gari linalomjia. Asivuke mbele ya bisi iliyosimama wala nyuma yake, angoje iondoke. Mkubwa akimwongoza mdogo, yeye akae upande wa magari. Na tusimtume mtoto wa miaka sita au saba kuvuka barabara kubwa peke yake kununua chumvi. Katika umri huo anaiona pikipiki, lakini hajui bado kupima mwendo wake.

Zaidi ya yote, tusimfundishe mtoto kutembea kando huku sisi wakubwa tumeijaza kando hiyo mali zetu na takataka zetu.

Lundo letu halipo tena. Tuliliondoa Jumatano jioni kwa burweti nne, na motari yule alikuja kusaidia bila kuitwa. Jumamosi hii tutaanza tena saa moja asubuhi, kutoka mlango wa shule kwenda chini, mita kumi na tano tu. Kila mtu aje na gunia moja. Tutamaliza mtaro, tutamaliza kubeba, kisha tutapita sote kwa mama wa mtoto kumsalimu. Wanaotaka kumpelekea mtoto unga wa uji au sabuni waviache kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.