Twiga wa Lambwe Hashindani na Ng'ombe

Katika Bonde la Lambwe, karibu na Homa Bay, wako twiga wenye miguu myeupe chini ya magoti, kama waliovaa soksi. Makao yao ni Ruma, mahali palipotengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983.

Mfugaji amwonapo twiga huenda akahofia malisho yake. Asiwe na hofu. Shingo ya twiga ina mifupa saba tu, sawa na ya mtu, ila kila mfupa ni mrefu mno. Ulimi wake hufika sentimita 45. Basi yeye hula majani ya juu ya migunga, ambayo ng'ombe hawezi kuyafikia. Nyasi hula kwa nadra.

Ng'ombe huchukua mimba miezi 9. Twiga huchukua miezi 15, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Kwa hiyo twiga akikatwa mguu na tanzi la waya lililotegewa swala, hasara hiyo hairudi upesi. Ukiona tanzi, waarifu askari wa wanyama. Wala usimkaribie mama mwenye mtoto: teke lake laweza kumwua simba.