Mchanga Usiobisha Hodi

Chumba hakina kitanda wala kiti. Mchanga umeingilia dirishani, ukajilundika hadi usawa wa kiuno na kuubana mlango ukiwa nusu wazi. Juu ya mchanga huo ukuta bado una rangi, na chini kidogo ya dari umezungukwa na utepe wa nakshi uliochorwa na fundi ambaye hakuna anayemkumbuka. Paa limetoboka, jua linapenya na kuchora michirizi sakafuni.

Hii ni Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa katika jangwa la Namib. Helga Kohl, mpiga picha wa Namibia, alianza kuupiga picha mwaka 1994.

Kohl hutegemea mwanga wa asili, na vyumba huviacha kama alivyovikuta. Kazi yake, kwa sehemu kubwa, ni kusubiri: jua lizunguke, liguse pembe anayoitaka. Upepo wa kusini nao haumsubiri. Unahamisha mchanga chumba kwa chumba, kwa hiyo picha ya leo huenda isipatikane tena. Nyumba zenyewe zinajulikana kwa vyeo: ya mhasibu, ya mwalimu, ya msanifu majengo.

Ya kibarua iko wapi?

Swali hilo lina uzito, maana utajiri wote ulianzia mikononi mwa kibarua. Aprili 1908 Zacharias Lewala alikuwa akizoa mchanga relini alipookota jiwe linalong'aa, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch akatajirika. Lewala hakuambulia kitu. Mji ukapata hospitali, ukumbi wa dansi na hata kiwanda cha barafu, huku maji yakiletwa kwa meli kutoka Cape Town. Mwaka 1928 almasi kubwa zaidi zikapatikana kusini, karibu na mto Orange, na kufikia 1956 Kolmanskop ilikuwa tupu.

Anayezitazama picha hizi akiwa Juba hawezi kuacha kufikiria Jonglei, huko huko Sudan Kusini. Kule mashine ya kuchimbia mfereji, yenye uzito wa zaidi ya tani 2,000, imelala nyasini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipousimamisha mradi mwaka 1984. Mfereji ulipangwa uwe wa kilomita 360. Zaidi ya 240 zilikuwa zimeshachimbwa. John Garang, baadaye kiongozi wa waasi wa kusini, aliuandikia mradi huo tasnifu yake ya udaktari mwaka 1981, na jeshi lake ndilo lililokuja kuuzima.

Kohl alifika Kolmanskop miaka 38 baada ya mji kuhamwa. Jonglei imeshapita umri huo. Mashine imepigwa picha mara nyingi, mara nyingine kutoka angani, kutu tupu na magurudumu ya chuma. Waliofanya kazi pale hawaonekani: madereva, makuli, wapishi wa kambini. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee wa miaka sitini na zaidi. Nani amewauliza walilala wapi, walilipwa nini, na mshahara wa mwisho waliupata?