Panzi wa Kopo na Mchezo wa Pokémon

Watoto wa Diani na Msambweni, mvua inapokatika, huingia vichakani kusaka panzi na kuwatia koponi. Asili ya mchezo wa Pokémon ni jambo lilo hilo. Mtungaji wake, Satoshi Tajiri, alikuwa msaka wadudu utotoni mwake. Ulitolewa Japani Februari 1996, uchezwe kwa Game Boy, mashine ndogo ya mkononi.

Mchezaji huwa kijana azungukaye miji akinasa viumbe 150. Lakini kaseti zilikuwa mbili, Nyekundu na Kijani, na viumbe wengine hawapatikani ila kwa kubadilishana na mwenzio, mashine mbili zikiungwa kwa waya. Mpweke hamalizi, hilo nalipenda.

Mwaka 2001 Mufti Mkuu wa Saudia alitoa fatwa ya kuukataza, akataja kamari. Wako waliocheka. Mimi sicheki, kwani katika mji mmoja wa mchezo huo mna ukumbi wa mashine za kamari, na kijana huyo huingia akacheza. Mzazi wa Kwale amnunuliaye mwanawe kaseti kuukuu na ajue hayo. Zilizotolewa miaka ya baadaye ziliondolewa ukumbi huo. Za zamani zingali nao.