Gundi, saruji na mota: si kila kinachoshika kinashika namna moja



Leo nataka kueleza jambo lililonigharimu pesa, na aibu kidogo pia. Nadhani litawafaa wengi wetu tulio nje tunaotuma pesa za kutengeneza nyumba za wazee.

Nyumba ya babu yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Mwaka 2009, mimi nikiwa huku Maskat, nikaambiwa lipu inamomonyoka. Nikatuma pesa na amri juu yake: "Achaneni na chokaa, tieni saruji, tena nzito, tumalize kazi." Haikupita masika ya tatu, lipu ile ikaanza kubanduka vipande vizima kama ganda. Nyuma yake mawe yamelowa, mengine yamekuwa unga. Nilipokwenda, fundi mmoja mzee akaugusa ukuta, akaniambia: "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa unapumua. Wewe umeuziba pua."

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilidhani vitu vyote vya kushikishia ni jamaa moja, na chenye nguvu zaidi ndicho bora. Sivyo.

Tuanze na gundi. Gundi inashika vitu viwili vinavyokutana vizuri, mbao kwa mbao au karatasi kwa karatasi. Inalowesha nyuso zote mbili, inaingia kwenye vitundu vidogo vidogo, kisha inakauka au inageuka kuwa ngumu. Inataka kupakwa nyembamba. Ukiipaka nene ukidhani unaongeza nguvu, pale penye gundi ndipo panapoachia. Kwa hiyo gundi haifai kujaza mapengo, na mawe ya matumbawe, kama mjuavyo, hayana uso ulionyooka.

Saruji ni kitu kingine kabisa. Hii tunayonunua kwa mifuko ni ile iitwayo Portland, ambayo Mwingereza Joseph Aspdin aliiandikishia hataza mwaka 1824. Mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi huchomwa pamoja kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha husagwa na jasi kidogo. Watu husema saruji "imekauka", lakini saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuungana na maji yenyewe. Ndiyo maana fundi mzuri anaimwagilia maji siku saba au zaidi. Ikikauka mapema, inabaki dhaifu.

Na mota? Mota ni mchanganyiko: saruji au chokaa, mchanga na maji. Mafundi wengi huita "udongo" tu. Ukiongeza kokoto unapata zege. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mota si gundi ya mawe. Kazi yake kubwa ni kukaa kati ya jiwe na jiwe kama godoro, ijaze mapengo na igawe uzito sawasawa. Na inatakiwa iwe dhaifu kuliko jiwe! Nyumba ikitikisika au kutitia kidogo, ufa upite kwenye mota, ambayo fundi ataikwangua na kuijaza upya. Mota ikiwa ngumu kupita jiwe, linalopasuka ni jiwe, na jiwe halirudi.

Chokaa inaijua kazi hii. Matumbawe yakichomwa kwa nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa. Yakitiwa maji yanakuwa chokaa ya kujengea, kisha ukutani polepole inairudisha ile hewa na kuwa aina ile ile ya jiwe ilikotoka. Ni laini, ina vitundu, na unyevu unaopanda kutoka chini unapata njia ya kutokea. Saruji nzito inaifunga njia hiyo. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma. Hayo ndiyo yaliyotupata.

Na neno lenyewe limetuchezea. "Saruji" asili yake ni Kiajemi, na huku Oman saruj ni kitu cha zamani sana kuliko Portland. Udongo huchomwa, hupondwa ukawa unga, ukachanganywa na chokaa, na mchanganyiko huo unaganda hata penye maji. Ndio uliopakwa kwenye mifereji ya aflaj, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Siku moja nilimsikia mwashi wa Nizwa akisifu saruj kwa kutengenezea kuta za kale, nikatikisa kichwa kukubali, kumbe mwenzangu anasema hiyo na mimi nawaza mifuko ya dukani!

Mwaka 2014 tuliibandua lipu yote, tukarudia kwa chokaa na mchanga. Gharama ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, na mawe kadhaa ilibidi yabadilishwe.

Basi kabla ya kutuma pesa, ulizeni: ukuta ni wa nini? Ulijengwa kwa nini? Unyevu utatokea wapi? Na fundi mzee akiwapo, mpeni simu azungumze yeye.

Wasalaam.