Mhubiri amekwenda, mgonjwa amebaki

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi yupo mvulana wa miaka tisa ambaye ngozi ya mkono wake wa kushoto imekunjamana kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Hakuzaliwa hivyo. Aliangukia jiko la makaa jioni moja, mama yake alipokuwa ameingia ndani kuchukua chumvi.

Mvulana huyo ana kifafa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuwa ameanguka hata mara moja, kwa sababu alikuwa akimeza vidonge kila usiku. Kisha ukaja mkutano wa injili katika uwanja wa shule ulio karibu, na vipaza sauti vikasikika hadi mtaa wa pili. Siku ya tatu mama alimpandisha mwanawe jukwaani. Mhubiri alimwekea mtoto mikono, akakemea pepo wa kifafa, halafu akamgeukia mama.

"Mama, unaamini?"

"Naamini, mtumishi."

"Sasa kama unaamini, zile dawa ni za nini tena?"

Watu walishangilia. Mama alirudi nyumbani akavimwaga vidonge chooni. Wiki tatu hazikuisha kabla mtoto hajaangukia moto.

Ninasimulia haya kwa idhini ya mama huyo, ambaye ni jirani yangu na ambaye hadi leo huabudu katika kanisa la kipentekoste. Hataki mhubiri atajwe, nami sitamtaja. Hamlaumu Mungu. Kinachomuuma ni kwamba ushuhuda wa mwanawe ulinaswa kwenye video, na wakati mtoto alikuwa amelala wadini akibadilishwa bandeji, video hiyo ilikuwa bado inaonyeshwa kwingine kuwavutia watu. "Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniuliza, mama, mtoto yuko aje?" asema.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sina ugomvi na maombi. Mgonjwa anayeombewa hupata utulivu, na utulivu si kitu kidogo kwa mtu asiyelala usiku kwa hofu. Lakini kadi ya kliniki ina tarehe ya kurudi. Jukwaa halina.

Mbona mtu huhisi amepona?

Ni makosa kudhani kwamba kila anayepanda jukwaani amelipwa ili adanganye. Wengi husema kweli jinsi wanavyohisi. Taabu ni kuwa magonjwa mengi yanayotusumbua siku hizi yana tabia ya kujificha.

Tuchukue kifafa chenyewe. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Kikimshika mtu, mara nyingi huwa ni kwa dakika moja au mbili, kisha hutulia chenyewe. Akiombewa wakati huo ataonekana kuwa ameinuliwa na maombi, ilhali angeinuka hata kama aliyesimama kando yake ni muuza njugu. Kati ya kuanguka mara moja na nyingine, mgonjwa ni mzima kabisa, anacheza kandanda na kufanya hesabu. Kwa hivyo mtu anaweza kutangazwa amepona Jumapili, Jumatatu na Jumanne, na yote yakaonekana kweli.

Shirika la Afya Duniani husema kuwa hadi watu 70 kati ya kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa inavyofaa. Dawa kama fenobabitoni si ghali. Inawezekana pia kuziacha dawa siku moja, lakini daktari hulifikiria jambo hilo mgonjwa akiwa amekaa miaka miwili bila kuanguka, na huzipunguza pole pole. Anayeziacha ghafla anaweza kushikwa mfululizo bila kupata fahamu, na hilo huua.

Shinikizo la damu nalo haliumi. Mtu anaweza kuimba na kucheza kwa saa tatu, kichwa kikawa chepesi, akaamini limekwisha. Mashine ya kupimia haisikilizi nyimbo.

Kikohozi cha kifua kikuu hupungua baada ya wiki chache tu za dawa, ilhali matibabu ya kawaida ni ya miezi sita. Anayeyakatiza katikati huwapa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa, na akikohoa tena huwaambukiza wengine ugonjwa ulio sugu zaidi.

Kwa upande wa ukimwi, kosa limejificha ndani ya lugha yenyewe. Mtu anayemeza ARV vyema huambiwa kliniki kwamba virusi katika damu yake havionekani tena. Ni habari njema sana, kwani maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini virusi vimejificha tu mwilini. Peleka karatasi hiyo jukwaani, isomwe kwa kipaza sauti kwamba "havionekani", nawe utasikia kelele itakayofuata. Akiziacha dawa, baada ya wiki chache virusi huanza kupanda tena. Na hizi ni dawa ambazo hospitali za umma nchini hutoa bila malipo tangu mwaka 2006, baada ya miaka mingi ya kuzika vijana.

Kuhusu mtoto wa kisukari anayedungwa insulini sitasema mengi. Yeye hana wiki tatu. Ana siku chache tu.

Kanisa lilikuja na bandeji

Wale wanaodhani kwamba Roho na hospitali ni maadui wanasahau historia iliyo karibu sana nasi. Ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu waliuita Tukutendereza, ulikuwa na shina lake Gahini nchini Rwanda, mahali palipokuwa na hospitali ya misheni. Mmoja wa viongozi wake, Joe Church, alikuwa daktari wa hospitali hiyo, na kukutana kwake na Mganda Simeoni Nsibambi jijini Kampala mwaka 1929 huhesabiwa kuwa moja ya chanzo cha mwamko huo. Watu walilia, wakatubu dhambi zao hadharani, wengine wakaona maono. Na asubuhi wagonjwa waliendelea kutibiwa.

Hapa kwetu Kikuyu, Tumutumu, Maseno, Kijabe, Tenwek na Chogoria ni majina ya hospitali kama yalivyo majina ya misheni. Mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti, ambao hawakuelewana juu ya mambo mengi, walielewana juu ya tembe, wakaanzisha pamoja shirika la MEDS ili hospitali zao zipate dawa za bei nafuu.

Tusiwe wanafiki, hata hivyo. Watu hawakimbilii miujiza kwa ujinga tu. Madaktari wa umma walipogoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na tena kwa siku 56 mwaka 2024, mgonjwa wa Kayole au Mukuru angekwenda wapi? Hema la mhubiri halikufungwa. Halikumwambia arudi na pesa za eksirei. Kiu hiyo ndiyo iliyowapeleka maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, mwaka 2011, kunywa kikombe cha Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyesema kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za huko. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakitolewa hospitalini ili wapelekwe, na wapo waliofia njiani wakingoja zamu.

Wala si haki kusema kwamba makanisa haya hayatumikii watu. Nenda mtaa wowote wa mabanda uone ni nani huchanga pesa za kutoa maiti hospitalini, ni nani hulea yatima. Lawama yangu ni juu ya kipaza sauti kinapewa nani. Anayesema aliona nuru ikimshukia hupewa dakika kumi. Anayempeleka mgonjwa kliniki kila mwezi kwa nauli yake hapewi hata moja.

Nasema hivi nikimfikiria shosho mmoja wa kanisa hilo la jirani yangu, mama mzee muuza mboga. Mtoto alipolazwa, yeye ndiye aliyefika kila siku na chupa ya uji. Aliomba, tena kwa sauti, hata sista wa wadi akamwomba apunguze. Kisha alikaa akamnywesha mtoto uji, kijiko baada ya kijiko, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine una sindano ya maji. Siku moja daktari alipokuwa akieleza juu ya vidonge, shosho ndiye aliyeuliza maswali: vimezwe kabla ya chakula au baada yake? Akivisahau usiku mmoja, afanyeje?

Baadaye nilimuuliza kama haoni kwamba kumpa mtoto dawa ni kukosa imani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni mabichi.

"Wale wakoma kumi, Bwana aliwatuma wapi?" akaniuliza.

Nilikwenda kusoma. Katika Luka 17 Yesu anawatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kutangaza nani amepona. Kwa lugha ya leo, aliwatuma wakapimwe. Na yule Msamaria wa Luka 10 alisafisha vidonda, akalipia malazi ya mgonjwa, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa gharama iliyozidi. Alikuwa na tarehe ya kurudi.

Madaktari wanawaomba wahubiri jambo moja tu: waombee wagonjwa wapendavyo, ila wasiwaambie waache dawa. Anayeamini amepona na aende kliniki alikoanzia, apimwe, na aliyemwandikia dawa ndiye amwondolee.

Na kwa kuwa kifafa hakichagui mahali, wala hema la maombi, ni vizuri kila msomaji ajue la kufanya. Ondoa moto na vitu vyenye ncha karibu na mgonjwa. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukitulia mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe maji, usimshike kwa nguvu. Tazama saa. Zikipita dakika tano kabla hajatulia, au akishikwa tena kabla ya kupata fahamu, mkimbize hospitalini.

Mvulana wetu amerudi shuleni, na vidonge amerudia. Mkono haujanyooka vyema na huenda akahitaji upasuaji mwingine. Kadi yake imetundikwa ukutani kwa msumari, kando ya kalenda ya kanisa. Kila mwezi, jioni ya kuamkia kliniki, shosho hubisha hodi akiwa na sukumawiki zilizobaki sokoni.

"Mwanangu," humwambia mama, "kesho ni siku ya kadi. Nauli mko nayo?"