Mkate wa Ufuta na Sindano Mbili

Kwenye hafla za chama chetu, anayekataa chakula huambiwa, "Onja kidogo tu, usituvunje moyo." Kwa mwenye mzio mkali, yaani aleji, hicho kidogo kinaweza kumuua.

Mwaka 2016, Natasha Ednan-Laperouse, msichana wa miaka 15, alifariki baada ya kula mkate uliotiwa ufuta ndani ya unga. Lebo haikuutaja. Tangu Oktoba 2021, hapa Uingereza, sheria iliyopewa jina lake inataka chakula kinachofungashwa papo hapo dukani kiandikwe viungo vyote.

Sufuria zetu hazina lebo. Mchicha wa nazi huenda una karanga. Mkate wa ufuta unajitaja wenyewe, ila kisu chake ndicho kinachokatia keki. Wapishi, wekeni kijikaratasi cha viungo mbele ya kila sahani. Nawe mwenye mzio, njoo na sindano zako mbili za adrenalini, usiziache bwenini, na umwonyeshe jirani yako zilipo.

Koo likibana, sauti ikikwama, pumzi ikikata au mtu akilegea ghafla, msingoje vipele. Mchomeni pajani, upande wa nje, hata juu ya suruali. Pigeni 999, mseme "anafilaksisi". Alale chali, miguu juu. Akishindwa kupumua akae, lakini asisimame hata akijisikia nafuu. Dakika 5 zikipita bila nafuu, sindano ya pili. Kisha hospitali, hata kama amekwisha anza kucheka.